HATARI ZA OFISINI HAZITAFUTWI MEZANI

Upo ugonjwa ulioenea katika ofisi nyingi za umma, nao ni ugonjwa wa kutafuta hatari bila kuinuka kitini. Barua ikifika kutoka juu ikiagiza kwamba kila mahali pa kazi pafanyiwe tathmini ya vihatarishi, mkuu wa idara humwita ofisa mmoja. Ofisa huyo huomba tathmini iliyokwisha kuandikwa na ofisi nyingine, hubadili jina la taasisi katika ukurasa wa kwanza, huipeleka ikatiwe saini na mhuri, na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha. Si ajabu basi kwamba tathmini ya ofisi iliyomo katika nyumba ya chini huweza kutaja hatari ya lifti, wakati ofisi hiyo haina hata ngazi, na ikanyamaza kabisa kuhusu shimo la maji machafu lililovunjika mfuniko, hatua ishirini tu kutoka mlango wanaopita wananchi.

Mtu aweza kudhani kwamba huu ni uvivu wa kawaida, wa kukemewa kidogo na kusamehewa. Sivyo. Huu ni udanganyifu, tena udanganyifu wa aina mbaya. Ofisi isiyo na tathmini yoyote angalau inajijua kuwa haijatazama. Ofisi yenye tathmini ya kunakili inaamini kwamba imetazama, na kwa imani hiyo inalala usingizi. Mkaguzi akija anaonyeshwa jalada. Mtumishi akilalamika anaonyeshwa jalada. Siku moto utakapowaka, jalada hilo nalo litateketea pamoja na mengine.

Yafaa ikumbukwe kwamba jambo hili si la hiari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, ilifuta Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950 iliyotungwa na serikali ya kikoloni, ikautoa ulinzi wa mfanyakazi kiwandani na kuufikisha mahali pote pa kazi. Usimamizi wake uko mikononi mwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ulioundwa mwaka 2001. Kwa hiyo masijala ya halmashauri, ofisi ya walimu, chumba cha mhasibu na kaunta ya kulipia ankara ni mahali pa kazi mbele ya sheria, sawasawa na karakana ya reli.

Lakini kufuta sheria ni rahisi kuliko kufuta fikra. Fikra ya mwaka 1950 bado imekalia viti vingi. Inasema kwamba hatari ni mali ya mtu wa mashine, ya kuli wa bandarini, ya mkata mkonge. Ama mtu wa kalamu, akaaye kivulini na kutumia karatasi, yeye hana cha kumdhuru isipokuwa joto la mwezi wa pili. Wenye kasumba hii huuliza kwa kejeli: ofisini kuna hatari gani, karatasi itamng'ata mtu?

Kasumba hiyo haikuzaliwa hapa. Uingereza yenyewe, iliyoanza kutunga sheria za viwanda mwanzoni mwa karne ya 19, ilikaa hadi mwaka 1963 ndipo ikatunga sheria ya kulinda watu wa maofisini na madukani. Mwaka uliofuata, 1964, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 120 kuhusu usafi na afya katika biashara na ofisi, ukataja mambo ya kawaida kabisa: hewa, mwanga, joto, maji safi ya kunywa, vyoo, viti, makelele. Zaidi ya miaka 60 imepita. Mtumishi anayekalia kiti kilichovunjika mgongo na kufungwa kwa kamba ya katani anadai kitu kilichoandikwa katika mkataba wa dunia kabla yeye hajazaliwa, na bado anaambiwa kwamba anadeka.

Makadirio yaliyotolewa na Shirika hilo la Kazi mwaka 2023 yanatosha kuwanyamazisha wenye kejeli. Karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa sababu zinazotokana na kazi. Kati yao wapatao 330,000 huuawa na ajali. Waliobaki, milioni 2.6, huuawa na maradhi. Maana yake ni kwamba anayetafuta hatari kwa kutazama palipomwagika damu hukosa karibu vifo tisa katika kila kumi. Maradhi hayapigi kelele. Huingia kwa vumbi, kwa hewa iliyochakaa, kwa kukaa saa nyingi na kwa hofu, na hayo yote yamo ofisini kwa wingi.

Hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa hata katika semina. Kihatarishi ni kitu, au hali, au tabia ya kazi iwezayo kumdhuru mtu. Hatari yenyewe hupimwa kwa kuuliza madhara hayo yanaelekea kutokea kiasi gani, na yakitokea yatakuwa makubwa kiasi gani. Waya uliochubuka nyuma ya kabati ni kihatarishi. Waya huo huo ukiwa mahali ambapo mfagizi hupitisha tambara lililolowa maji kila asubuhi, umekuwa hatari ya kifo. Yeyote aweza kuuona waya. Lakini ni nani ajuaye kwamba tambara hupita pale kila asubuhi? Mkurugenzi hajui. Mtaalamu aliyekodiwa kutoka mjini hajui, maana alifika saa nne na sakafu ilikuwa imekauka. Anayejua ni mfagizi, na mfagizi hakuulizwa.

Hapo ndipo penye kiini cha ubaya wote. Hatari ya kazini hujulikana kwanza na anayeigusa, na katika ofisi wanaozigusa hatari ni wale walio chini kabisa: mhudumu, karani wa masijala, dereva, mlinzi, katibu muhtasi, mwalimu wa ajira mpya. Wanaoandika orodha ni wale walio juu kabisa, ambao chumba chao kina dirisha kubwa, kiyoyozi kizima na kiti cha kuzunguka. Orodha iandikwayo hivyo haiwezi kuwa ya kweli hata kama mwandishi wake ni mtu mwadilifu.

Itazamwe masijala. Majalada yamepangwa hadi karibu na dari, juu ya rafu ambazo hazikufungwa ukutani. Ngazi ya kupandia haipo, kwa hiyo karani huvuta kiti chenye magurudumu, hupanda juu yake na kunyoosha mikono kuchukua bunda la miaka kumi. Vumbi la karatasi kuukuu na ukungu wa mvua iliyovuja mwaka uleule humwingia kifuani. Akikohoa hutaniwa. Dirisha limefungwa kwa sababu kuna kiyoyozi, na wengi hawajui kwamba kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huzungusha hewa ileile iliyomo chumbani. Hupoza, hakileti hewa mpya. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Chumba cha watu wanane kilichofungwa madirisha kutwa nzima, mmoja wao akiwa na kikohozi kisichotibiwa, ni jambo la kuandikwa kwa wino mwekundu. Dawa yake ya kwanza ni kufungua dirisha, na kufungua dirisha hakuhitaji zabuni.

Kisha itazamwe soketi. Katika majengo ya zamani fundi aliweka soketi moja au mbili kwa chumba, maana siku zile chombo cha umeme kilikuwa taa na pengine pangaboi. Leo soketi hiyo moja huning'iniza ekstensheni, na ekstensheni hiyo huzaa nyingine, hadi chini ya meza pakawa kama mizizi ya mkoko. Birika la umeme la wati 2,000 huvuta takriban ampia 9 katika umeme wa volti 230. Mabirika mawili kwenye ekstensheni moja huvuta zaidi ya ampia 17, na ekstensheni ya kawaida imetengenezwa kubeba 13. Hesabu hii mwanafunzi wa kidato cha tatu aiweza. Fyuzi ingekata umeme kabla ya waya kuungua, isipokuwa fyuzi ilikwisha kutolewa zamani na mahali pake pakawekwa kipande cha waya na mtu aliyechoka kuona chai inachelewa.

Mambo ya mfagizi yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo yanayosahauliwa kuliko yote. Katika ofisi nyingi usafi siku hizi hufanywa na kampuni iliyopewa kandarasi. Matokeo yake ni kwamba mtu anayeingia ofisini wa kwanza na kuijua kila kona yake hamo katika orodha ya watumishi, na kwa hiyo tathmini haimhusu. Anapewa chupa za maji ya kunywa zilizojazwa dawa bila maandishi yoyote: moja ina jiki, nyingine ina dawa kali ya kusafishia vyoo yenye tindikali. Hakuna aliyemwambia kwamba viwili hivyo vikichanganywa hutoa gesi ya klorini, gesi ileile iliyotumika kuua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Yeye anaona choo kina madoa sugu, chumba ni kidogo, tundu la hewa limezibwa na buibui, anamimina zote mbili ili kazi iishe upesi. Akitoka nje akikohoa na kutokwa machozi, husemwa kwamba ana pumu.

Je, ni gharama gani kuandika jina la dawa juu ya chupa? Ni gharama gani kumkataza muuzaji kuleta dawa katika chupa ya maji, ambayo siku moja dereva mwenye kiu ataifungua? Mwajiri hawezi kusema kwamba yule ni mtu wa kampuni. Sakafu ni ya ofisi, choo ni cha ofisi, na mapafu ya mtu hayajui kandarasi.

Sasa mlango wa nyuma. Hapa watu wengi wenye nia njema watapinga, na hoja yao isikilizwe. Wanasema: wezi wamezidi, kompyuta zimeibwa, ndiyo maana madirisha yametiwa nondo, mlango wa nyuma umewekwa geti la chuma, na geti limetiwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa bwana ugavi. Ni kweli wezi wapo. Lakini lini mwizi wa kompyuta huja? Usiku, au siku za mapumziko. Na lini watumishi 60 na wananchi wanaosubiri huduma huwamo ndani? Mchana. Kufuli linalomzuia mwizi usiku halina kazi ya kufanya saa tano asubuhi isipokuwa kuwafungia watu wazima na moto.

Dunia imekwisha kulipia somo hili mara nyingi mno. Tarehe 25 Machi 1911 moto ulizuka katika kiwanda cha nguo cha Triangle, kilichokuwa katika ghorofa za juu za jengo moja mjini New York. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walikuwa wakiogopa wizi. Wizi! Miaka 90 baadaye, Machi 2001, moto ulioanzishwa kwa makusudi katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli nchini Kenya uliua wavulana 67. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Na Tanzania ina msiba wake: mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini katika sekondari ya Shauritanga, mkoani Kilimanjaro. Walimu wanaosoma ukurasa huu wanayajua hayo kuliko mtu mwingine yeyote. Bweni si ofisi, ni kweli, lakini nondo ni nondo, na moshi hauulizi kama waliomo ndani wana vyeo.

Njia zipo. Nondo za dirisha moja katika kila chumba ziwekwe bawaba zifunguke kwa ndani. Mlango wa nyuma uwe na komeo linalofunguliwa kwa mkono bila ufunguo kwa mtu aliye ndani. Kufuli la usiku liondolewe na mlinzi asubuhi kabla ya mtu wa kwanza kuingia, naye aandike katika daftari lake kwamba ameliondoa. Mitungi ya kuzimia moto itolewe nyuma ya mlango wa stoo ilikofichwa isiibwe, na watu wafundishwe kuichomoa pini. Ofisi nyingi zina mtungi mwekundu ambao hakuna mtumishi hata mmoja aliyewahi kuushika, sembuse kusoma tarehe ya ukaguzi iliyobandikwa juu yake.

Jingine dogo, ambalo halimo katika orodha yoyote ya kunakili kwa sababu orodha hizo huandikwa kwanza katika nchi za baridi. Dar es Salaam ilikumbwa na mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014, na tena mwaka 2019. Mbu anayeambukiza dengi huuma mchana, saa za kazi, na hutaga mayai katika maji safi yaliyotuama: sahani iliyo chini ya chungu cha maua ya mapokezi, ndoo inayokinga maji ya kiyoyozi, tairi kuukuu la gari la idara lililolala nyuma ya jengo tangu gari lenyewe lipigwe mnada. Chandarua cha nyumbani hakimsaidii mtu anayeumwa na mbu akiwa ameinamia jalada saa nne asubuhi. Ofisi ya pwani isiyoandika mbu katika tathmini yake haikufanya tathmini, ilifanya tafsiri.

Na ofisi ya walimu? Chumba kimoja, walimu kumi na watano, madaftari yamerundikwa mezani na sakafuni hadi njia ikawa nyembamba kama ya mbuzi. Dari limelegea kwa uzito wa kinyesi cha popo, ambacho vumbi lake huweza kuleta maradhi ya mapafu. Paa la majengo kadhaa ya zamani ni la mabamba ya asbesto, ambayo hayana madhara makubwa yakiwa mazima na yameachwa kimya, lakini yakikatwa au kutobolewa hutoa nyuzi ziletazo saratani miaka mingi baadaye. Fundi huitwa kuziba panapovuja, hupanda, hukata kwa msumeno, na watoto huambiwa wafagie mabaki. Mwalimu mkuu hana kosa ikiwa hakuna aliyemweleza; lakini Ofisa Elimu anayepokea tathmini ya shule yenye paa hilo, na asione neno asbesto popote, angepaswa kuirudisha siku hiyohiyo.

Kuna hatari nyingine ambazo hazina vumbi wala waya, na kwa hiyo huambiwa kwamba si hatari. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulihusika na vifo 745,000 katika mwaka 2016 pekee, kwa kiharusi na ugonjwa wa moyo. Wakati wa bajeti kuna watumishi wanaolala ofisini, na wanasifiwa. Bwana mkubwa mwenyewe, yule aliyeamini kwamba hatari ni ya makuli, ndiye anayeanguka mezani akiwa na umri wa miaka 52, na tangazo la msiba halitaji kazi hata kidogo.

Pia kuna binti aliyeajiriwa majuzi anayeitwa abaki jioni na mkubwa wake wakati wenziwe wameondoka. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 imeifanya rushwa ya ngono kuwa jinai, na mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini. Je, ni tathmini ngapi za ofisi zilizoandika jambo hilo kama kihatarishi? Nani ataliandika, ikiwa kalamu inashikwa na huyo mkubwa?

Hofu ndiyo kihatarishi kinachofunika vingine vyote. Mhudumu akisema, "Mzee, ile soketi ya masijala inatoa cheche," hujibiwa, "Wewe leta chai." Karani akirudia kusema mara ya pili huitwa mkorofi, akisema mara ya tatu huhamishiwa mahali ambapo hakuna soketi kabisa. Mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ilimpiga marufuku kiongozi kujikweza na kuwakandamiza walio chini yake. Watu wengi huikumbuka ibara hiyo kama habari ya siasa. Ilikuwa pia habari ya usalama kazini, maana mahali ambapo wa chini hathubutu kusema, wa juu hawezi kujua. Sheria ya 2003 inataka wawepo wawakilishi wa wafanyakazi katika mambo ya usalama na afya. Mwakilishi aliyeteuliwa na mkuu kwa kuwa ni mtiifu ni shahidi wa upande mmoja. Vyama vya wafanyakazi, vya serikalini na vya walimu, vinavyojua sana kuhesabu nyongeza za mishahara, vingefaa kuuliza vilevile ni nani aliyemchagua mwakilishi huyo.

Wapo watakaosema kwamba fungu la fedha halipo. Hoja hii hutolewa kwa sauti kubwa, na mara nyingi hutolewa kabla ya kuangalia lolote. Ukweli ni kwamba fedha huishia vibaya pale tathmini inapoanzia mwisho. Utaratibu unaojulikana wa kuzuia madhara unasema: kwanza kiondoe kihatarishi, usipoweza, badili kitu hicho kwa kingine kisicho na madhara, usipoweza, weka kizuizi kati yake na mtu, kisha panga upya namna ya kufanya kazi, na mwisho kabisa ndipo umvalishe mtu vifaa vya kujikinga. Ofisi nyingi huanzia huko mwisho, kwa kuwa kununua glovu na barakoa kuna zabuni, na zabuni ina wapenzi. Kuondoa tairi nyuma ya jengo hakuna zabuni. Kushusha majalada mazito rafu ya chini hakuna zabuni.

Tena kuna mchezo wa namba. Majedwali ya tathmini huwa na safu ya uwezekano, moja hadi tano, na safu ya ukubwa wa madhara, moja hadi tano; namba mbili huzidishwa, na jibu likizidi kiasi fulani kisanduku hupakwa rangi nyekundu. Chombo hiki si kibaya. Ubaya ni kwamba mkuu asiyetaka kuona wekundu katika jedwali lake hushusha nne ikawa mbili, na kisanduku kikageuka kijani. Hakuna kilichobadilika katika masijala. Waya ni uleule. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, hulipa mtu aliyekwisha kuumia, na ni jambo jema. Lakini haufai kuwa kisingizio cha kungoja aumie.

Wale wanaodai kwamba kazi hii inahitaji wataalamu peke yao wamesahau historia ya nchi yao. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Wanavijiji, wengi wao wakiwa ndio kwanza wanajifunza kusoma, walisikiliza, wakajadili, kisha wakatoka nje kutazama nyumba zao wenyewe: dimbwi liko wapi, choo kiko wapi, maji yanachotwa wapi. Waliamua, wakachimba. Hawakungoja mtaalamu atoke wilayani kuwahesabia madimbwi. Waliotumwa kuwafundisha walikuwa walimu na watumishi wa serikali. Inakuwaje basi, miaka zaidi ya 50 baadaye, warithi wa watumishi haohao washindwe kulitazama jengo wanalokaa kutwa nzima, wakiwa na shahada na simu zenye kamera?

Mtaalamu anahitajika kupima mwanga, makelele, na uimara wa jengo. Kuona kwamba kigae cha ukumbini kimeng'oka na mama mjamzito alijikwaa juzi hakuhitaji mtaalamu. Hata Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma, na idara nyingi zikaanzia katika majengo yaliyojengwa kwa shughuli nyingine, palikuwa na nafasi ya kutazama upya kila chumba. Nafasi hiyo hurudi kila ofisi inapohama, kila mashine mpya inapoingia, kila ajali inapokosewa kwa inchi moja. Ndiyo maana tathmini hutakiwa kurudiwa, si kuwekewa tarehe mpya.

Utaratibu unaofaa hauna miujiza. Siku moja ya kazi itengwe. Mfagizi, mlinzi na karani wa masijala watangulie, kila mmoja apite njia anayopita kila siku na kuonyesha kwa kidole; ofisa afuate na daftari; mkuu wa idara awe nyuma kabisa na asiseme neno mpaka mzunguko umekwisha. Kila kilichoonyeshwa kiandikwe, hata kinachochekesha, pamoja na jina la atakayekirekebisha na tarehe. Karatasi hiyo ibandikwe ukutani mahali ambapo hata mwananchi aliyekuja kufuata cheti ataisoma, isifungiwe katika jalada la siri. Aliyesema asihamishwe.

Kila tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani, watumishi huvaa fulana mpya na kusikiliza hotuba. Safari ijayo, kabla fulana hazijagawiwa, mgeni rasmi angefanya vizuri kumwita mhudumu wa ofisi iliyomwalika na kumwuliza funguo za mlango wa nyuma ziko kwa nani asubuhi hiyo.